Diwani wa Uwanja wa Matufe

Kelvin Pascoe alipopigwa teke na kangaruu katikati ya uwanja wa matufe, Nerida aliangalia nyasi kwanza, kisha ndipo akamwangalia Kelvin. Baadaye alijilaumu kwa hilo, ingawa si sana. Kelvin alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, mwanamume wa miaka sabini na mbili mwenye mbavu ambazo zingeunga. Nyasi zikichimbuka mwezi wa Januari, tena mwaka wa tatu wa ukame, haziungi.

"Ananiua!" Kelvin alipiga kelele akiwa chali, kofia yake nyeupe imeangukia mbali. "Nerida, huyu ananiua!"

"Hakuui. Jikunje hapo hapo, ufunike uso. Na usiinuke!"

Kangaruu mwenyewe alikuwa amekwishamaliza kazi. Alikuwa ameegemea mkia, akanyanyua miguu yote miwili kwa mpigo, akamsukuma Kelvin tumboni kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Sasa alisimama juu yake, mrefu kuliko mwanamume yeyote wa mji wa Mirrabong, akijikuna kifua taratibu. Nerida alichukua fagio la mpini mrefu alilotumia kupangusa umande, akalitanguliza mbele, akainama, akatazama chini na kukohoa mara tatu, vikohozi vifupi vya kooni. Baba yake alimfundisha hivyo kwenye shamba la kondoo alipokuwa msichana. Kelvin alikuwa mtoto wa mjini, kama mji wa watu mia nne unaweza kuwa na watoto wa mjini, na hakufundishwa kitu.

Dume lile likageuza masikio. Likautazama mkono wa kulia wa Nerida, mkono wenyewe, si fagio. Kisha likashuka kwenye miguu yake ya mbele na kwenda zake kwa majike waliokuwa wakila kando ya uzio.

"Umeona?" Kelvin alikuwa ameketi sasa, shati limechanika, mikwaruzo miwili mirefu ya damu imepita tumboni. "Nimekuja zangu kuangalia nyasi, sina hili wala lile, ananirukia. Bila sababu!"

"Usiongee. Ukiongea mbavu zitauma zaidi."

"Mbavu zinauma hata nikinyamaza!"

Ndipo Nerida alipoiona. Ilikuwa kwenye nyasi, hatua mbili kutoka kwenye goti la Kelvin: nusu ya biskuti ya oti, imechorwa msalaba kwa uma. Mirrabong nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyechora biskuti hivyo, naye alikuwa Valmai, mke wa Kelvin. Nerida aliinama kama anayeokota jani, akaitia mfukoni mwa aproni. Hakupanga. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, kwa sababu mfuko ule ule ulikuwa tayari umejaa makombo ya mkate, na makombo yale yalikuwa yake.

*

Walimwita Diwani. Jina lilizaliwa kwenye meza ya chai ya klabu, na hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyelitunga, maana diwani halisi wa Mirrabong alikuwa mwanachama na alikuwa na masikio mazuri. Lakini lilimkaa. Alifika mapema, alikula kuliko wote, alikaa mahali pazuri, na ukimwuliza jambo alijikuna kifua.

Alikuja na ukame. Nje ya uzio dunia yote ilikuwa na rangi ya mkate uliokauka. Ndani, kwa maji ya kisima na jasho la Nerida, palibaki mraba mmoja wa kijani. Kangaruu si wajinga. Waliruka uzio, wote kumi na mmoja, Diwani na majike wake, na baada ya miezi michache ya kupigiwa makopo na kufukuzwa na taulo, wazee wa klabu walichoka wao kabla ya kangaruu. Wakazoea. Siku ya Jumatano walifagia mavi, wakavaa nguo zao nyeupe, wakaviringisha matufe yao mazito kwenye nyasi yakaribie tufe dogo jeupe la shabaha, na kangaruu wakala kwenye njia ya sita ya mchezo, ya pembeni, ambayo hakuna aliyeipenda.

Nerida ndiye aliyetunza uwanja tangu Lindsay, mumewe, alipofariki katika majira ya baridi ya mwaka juzi. Lindsay aliutunza miaka ishirini na sita. Yeye alirithi ufunguo, mashine ya kukatia nyasi na ugomvi na panzi. Mtu akifiwa, Mirrabong humletea vyakula kwa wiki mbili, halafu kila mtu hurudi kwake. Si ubaya, ndivyo watu walivyo. Lakini asubuhi moja ya baridi ile, saa kumi na mbili kamili, Nerida alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi na mfuko wa kingo za mkate zilizokatwa kwenye sandwichi za mayai, na yule dume akaja akasimama mbele yake. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Nerida akampa ukingo mmoja. Akaupokea kwa mikono yake miwili midogo, kwa adabu, akautafuna huku akimwangalia.

Tangu siku ile hakukosa hata asubuhi moja, na Diwani naye hakukosa. Nerida alijua vizuri kwamba haifai. Baba yake angempiga kofi. Alimpenda yule mnyama, ndiyo kweli yenyewe, na kitu cha siri hunoga.

*

Habari ya Kelvin ilikua haraka kuliko jeraha lake lilivyopona. Jumanne kangaruu alikuwa na urefu wake mwenyewe. Ijumaa, kwenye bahati nasibu ya klabu, ile ya kushindania nyama, alikuwa amefika kimo cha mlango wa kanisa, na Kelvin alikuwa amempiga ngumi mbili kabla ya kuanguka. Jumamosi, Kelvin akiwa mwenyekiti wa klabu, tangazo lilibandikwa mlangoni: mkutano wa wanachama wote, kesho saa tisa alasiri, kuhusu kuomba kibali cha kumpiga risasi dume mkali.

Nerida alisoma tangazo lile mara mbili. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kelvin na pai la nyama mkononi, kwa kuwa huendi kwa mgonjwa mikono mitupu hata kama unataka kumnyonga.

Kelvin alikuwa kwenye kiti cha barazani, mito mitatu mgongoni. "Karibu, shemeji. Pai hilo la nani?"

"La mgonjwa. Nakuona unang'aa, nitampelekea mwingine."

"Hebu leta hapa!"

"Kelvin," alisema Nerida akilishikilia pai, "asubuhi ile ulikuwa umeshika nini mkononi?"

"Mimi? Sikushika kitu."

"Kitu chochote?"

"Shemeji, umekuwa polisi? Polisi ni mimi, miaka thelathini na nane. Sikushika kitu."

Mlango ukafunguka, akatoka Valmai na chai na sahani ya biskuti za oti, zote zimechorwa msalaba. Daktari alikuwa amemkataza Kelvin sukari tangu mwaka jana, na Valmai akatunga biskuti hizi yeye mwenyewe: hazina sukari, hazina siagi, hazina chumvi. "Kila asubuhi namfungia sita kwenye karatasi," alisema kwa fahari, "na anarudi hajabakiza hata chembe. Sukari yake imeshuka mpaka daktari anashangaa. Chukua, Nerida."

Nerida alichukua moja, akashukuru, na Valmai alipogeuka akaitia mfukoni mwa aproni, pale pale alipokuwa ameiweka ile nusu. Alimtazama Kelvin. Kelvin alikuwa akiitazama milima.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mfuko ule ulimwelemea kana kwamba umebeba jiwe. Kangaruu anayelishwa na watu haogopi watu. Na dume asiyeogopa watu, siku akinyimwa, hudai. Kelvin alikuwa amemzoesha biskuti, pengine siku ile alitoa tano akabakiza ya sita, au alichelewa kufungua karatasi, na Diwani akadai. Angeweza kusimama kesho mbele ya watu wote, akaiweka nusu ile mezani, na habari ya "bila sababu" ingeishia hapo. Risasi ingeishia hapo. Yeye mwenyewe hakuna ambaye angemwuliza chochote.

*

Ukumbi ulijaa. Watu ambao hawakuwa wameonekana kwenye klabu tangu Krismasi walikuja, wengine kwa ajili ya Diwani, wengine kwa ajili ya skonzi. Kelvin alikaa mbele kwa uangalifu wa mtu aliyefungwa bandeji. Kando yake Valmai, katibu, alikuwa amefungua daftari la mkutano. Kwenye kiti cha mgeni aliketi ofisa wa wanyamapori, Tamsin Okely, msichana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, aliyeendesha gari saa tatu kuja kwao. Bila sahihi yake hakuna risasi.

Kelvin alieleza yaliyompata. Alieleza vizuri, na ngumi zilikuwa zimefika tatu.

"Pole sana, Mzee Kelvin," alisema Tamsin. "Naomba unionyeshe ulivyosimama."

Kelvin alisimama kwa taabu. Miaka thelathini na nane ya upolisi ilimwacha na mkao mmoja tu: kifua mbele, kidevu juu, mikono kiunoni.

"Haya. Na wanachama wengine mnacheza hapo kila Jumatano, yeye akiwepo? Hajawahi kumgusa mtu?"

"Hata siku moja," alijibu mtu.

"Mnacheza mkiwa mmeinama. Kwa kangaruu, mtu aliyeinama, anayetazama chini, ni mtu wa amani. Dume akitaka ugomvi husimama wima, hutoa kifua, hujikuna. Sasa Mzee Kelvin ukisimama hivyo mbele yake, kwa lugha yake umemwambia: njoo."

"Basi Kelvin amekuwa akitafuta ugomvi na mji huu tangu tuko shule," ilisema sauti kutoka meza ya nyuma, na watu wakacheka, hata Valmai, aliyejifanya anaandika.

Tamsin naye alicheka, kisha akaacha. "Lakini mkao peke yake haumleti kangaruu kwa mtu. Wa porini angekwishakimbia zamani. Kwa hiyo nitauliza swali moja, na naomba mnijibu kweli, kwa sababu jibu ndilo litakaloamua. Kuna mtu anayemlisha?"

Feni ilizunguka. Nerida alimwangalia Kelvin, na Kelvin akaiangalia feni. Mfukoni vidole vya Nerida vilikuwa juu ya ile nusu ya biskuti, vinapapasa msalaba. Ilikuwa rahisi hivyo. Alimwona Valmai ameshika kalamu, akingoja kwa uso wake mwema, uso wa mwanamke aliyeamini kwa mwaka mzima kwamba biskuti zake zinamwokoa mumewe, na Nerida akajua kwamba hataweza. Si kwa ajili ya Kelvin. Hakuweza kumtupa mtu mwingine mbele huku mfuko wake mwenyewe unanuka mkate.

Alisimama. "Mimi," alisema.

"Nerida?" Valmai aliacha kuandika.

"Namlisha mimi. Kila asubuhi, mwaka na nusu sasa. Kingo za sandwichi." Alinyosha kidole kwenye meza ya chai. "Mnazikata, mnazitupa, mimi nazikusanya. Alikuja amekonda, na mimi... nyumba ilikuwa kimya sana. Sikufikiria atamdhuru mtu. Nilijua, lakini sikufikiria. Kosa ni langu. Kama kuna wa kuadhibiwa msimwadhibu yeye, hakujifundisha mwenyewe."

Minong'ono ikapita mezani. Mtu akasema jamani, mtu angeweza kufa. Mwingine akasema Lindsay asingefanya hivyo, na hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiutamani uwanja ule kwa miaka aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama haingekuwa busara ufunguo ukae kwa mtu mwingine kwa muda. Nerida alivua ufunguo kwenye kamba ya shingoni. Kamba ilikuwa ya Lindsay. Akauweka mezani mbele ya Valmai, na ndani ya kifua chake mahali fulani pakabaki patupu.

"Kaa chini, shemeji," alisema Kelvin.

Alikuwa amesimama, na safari hii kifua kilikuwa kimeingia ndani. Uso ulikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio.

"Andika hili, Valmai. Au usiandike. Namlisha na mimi."

"Unamlisha nini?" aliuliza Valmai.

Kelvin, aliyewahi kuingia peke yake kwenye baa yenye wakata manyoya ya kondoo kumi na wanne wanaopigana, alimeza mate. "Biskuti."

"Biskuti gani?"

"Za oti."

Kalamu ya Valmai ilibaki hewani. "Biskuti zangu?"

"Sita kila siku. Siku ile nilijaribu kula moja mwenyewe, mpenzi, haki ya Mungu nilijaribu, ndiyo sababu akanidai. Nilikuwa na nusu mkononi."

"Mwaka mzima?"

"Tangu Pasaka."

"Na sukari imeshukaje?"

"Sijui. Labda ni kutembea. Kila siku natembea mpaka uwanjani nikazitupe."

Hapo ukumbi ulivunjika. Watu walicheka mpaka skonzi zikawapalia. Mzee mmoja alilala juu ya meza akipiga ngumi. Kelvin alishika mbavu zake na kuomba wasimchekeshe, na ombi lile likawachekesha zaidi. Valmai peke yake hakucheka kwa muda mrefu. Kisha mdomo ukaanza kumcheza pembeni, akafunika uso na daftari la mkutano, na mabega yake yakatikisika.

Tamsin alingoja wapoe. "Nawashukuru nyote wawili," alisema. "Lakini sikilizeni, huu si mzaha. Akikupasua tumbo ndiyo umepasuka. Nawapa miezi mitatu. Hakuna mtu wa kumpa hata punje. Msitembee uwanjani bila kitu cha kutanguliza mbele, fagio au kiti. Akikujia usikimbie, anakimbia kuliko wewe. Inama, kohoa, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Akikuangusha, jikunje. Wiki za kwanza atakasirika kwa sababu amezoea kupewa. Akimgusa mtu mmoja tu ndani ya miezi hiyo, nitasaini kibali mwenyewe." Akamgeukia Nerida. "Na wewe, mama, anakujua kuliko wote. Asipoacha kukujia wewe, hataacha kumjia mtu yeyote. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Nerida, na machozi yalimjaa palepale, kwa kuwa alielewa alichoombwa.

Valmai aliuchukua ufunguo na kamba yake, akauzungusha mezani kidogo, kisha akausukuma kwa Nerida. "Nyasi zinataka maji kesho," alisema. "Na wewe Kelvin utakwenda naye. Na karatasi yako ya biskuti. Utazila mbele yake, sita zote, na yeye ataniambia."

*

Aproni aliitundika jikoni na hakuivaa tena. Alibadili saa, akaja saa mbili badala ya saa kumi na mbili, na fagio mbele. Siku za kwanza Diwani alimfuata kama mtoto aliyeachishwa ziwa, akinusa viganja vyake, na kila mara Nerida aliinama, akakohoa, akarudi nyuma bila kumtazama usoni. Hilo la kutomtazama ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa amezoea kumwambia habari zote za siku.

Kelvin alikaa kwenye baraza ya klabu, nyuma ya kizuizi, akitafuna kwa huzuni.

"Ya ngapi hiyo?" aliuliza Nerida.

"Ya tatu. Shemeji, kwa jina la Lindsay, mwambie Valmai nimekula sita."

"Kula."

Wiki ya nne, Diwani alichoka kuomba. Nerida alikuwa katikati ya uwanja na bomba la maji, fagio ameliacha hatua tano nyuma kwa uvivu wa dakika moja, alipogeuka akamkuta amesimama wima mbele yake, umbali wa mkono mmoja. Aliegemea nyuma kidogo. Alijikuna kifua. Nerida alimwona jinsi alivyo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya baridi: kucha nyeusi, misuli ya mikono, na macho yasiyomdai ila mkate. Aliogopa. Hakujiogopea yeye tu. Mguu mmoja ukimgusa, Tamsin atasaini, na huyu amekufa.

Aliachia bomba, akainama, mikono kifuani, kidevu chini. Akakohoa. Kikohozi kikatoka nusu.

Barazani kiti kilianguka. "Namjia huyo!" Kelvin alikuwa amesharuka kizuizi, kifua mbele, ngumi tayari, anakuja kwa hatua za kipolisi, na Diwani akageuza kichwa na kujirefusha zaidi.

"Inama!" alisema Nerida bila kuinua uso. "Kelvin, inama, utamwua!"

"Nani atamwua nani?"

"Inama, shemeji! Nakusihi."

Kelvin Pascoe hakuwahi kuinamia mtu, si mkubwa wake wa kazi, si askofu, wala ndugu yake, Lindsay, walipogombana miaka sita kwa ajili ya mashua. Alisimama sekunde moja. Kisha akashuka, goti moja, goti la pili, akiguna kwa ajili ya mbavu, akainamisha kichwa chake cheupe kwenye nyasi na kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikubwa kama trekta linalowashwa, lakini kilikuwa cha kweli.

Wakabaki hivyo, wazee wawili wameinama uwanjani wakikohoa kwa zamu, maji ya bomba yakiwalowesha magoti. Nerida aliona miguu ile mirefu mbele yake. Aliona kidole kikubwa kikikunja nyasi zake. Aliomba. Miguu ikasogea, ikageuka. Mkia ukapita karibu na mkono wake, na Diwani akaenda zake njia ya sita, akainamisha kichwa, akala majani kama kangaruu mwingine yeyote.

"Ameondoka?" alinong'ona Kelvin.

"Ameondoka."

"Basi njoo unishike mkono. Siwezi kuinuka."

*

Mvua ilifika mwishoni mwa Machi, siku tisa mfululizo. Nje ya uzio ardhi ilichipua mpaka watu wakatoka nje kuitazama tu, wamesimama barabarani na miavuli. Kangaruu waliondoka uwanjani bila kuaga. Njia ya sita ikapona kidogo kidogo. Tamsin alipiga simu, akauliza, akaambiwa hakuna aliyeguswa, akasema basi faili hilo analifunga.

Asubuhi moja ya Aprili, Nerida alikuwa akikata nyasi, Kelvin yuko barazani na karatasi yake, alipoona masikio upande wa pili wa uzio. Walikuwa majike watano, mmoja wao na kichwa cha mtoto kimechungulia kutoka mfukoni, na nyuma yao Diwani, amenenepa, manyoya yanang'aa. Nerida alizima mashine. Alisogea uzioni polepole, mkono wa kulia mtupu unaning'inia.

Diwani aliinua kichwa. Alimtazama muda mrefu, masikio yote mawili mbele. Nerida hakupumua. Alitamani, Mungu amsamehe, alitamani amjue japo kidogo.

Diwani alipiga mguu chini mara moja, kishindo cha hatari, na kundi lote likageuka. Wakaruka kupitia majani marefu, mbio, mbali na mwanadamu aliyesimama kwenye uzio, mpaka wakapotea nyuma ya miti.

Kelvin alikuwa amekuja kusimama kando yake, kwa adabu, mabega chini. Siku hizi alisimama hivyo hata benki. "Amekukimbia," alisema.

"Ndiyo," alisema Nerida. Machozi yalikuwa yakimtiririka na alikuwa akitabasamu, kama mzazi aliyesomewa matokeo ya mtihani. "Amenikimbia kabisa. Umemwona alivyokimbia?"

"Nimemwona."

Wakakaa kwenye benchi. Nerida alipangusa uso kwa mkono wa shati, akanyoosha kiganja. "Nipe moja."

"Shemeji, huna haja ya kujitesa."

"Nipe. Nimezificha mfukoni tangu Januari, sijawahi kuonja hata moja."

Kelvin alifungua karatasi. Nerida aliuma biskuti pale kwenye msalaba, akatafuna. Akatafuna tena. Akageuka akamtazama shemeji yake, mdomo umejaa.

"Hizi ndizo ulizokuwa ukimpa?"

"Ndizo."

"Kila siku? Tangu Pasaka?"

"Kila siku."

Nerida alimeza kwa shida, akavuta pumzi. "Kelvin," alisema, "hata mimi ningekupiga teke."